Sugu za Mzee Kasiano

Vijana wangu wa masjala, dada Leokadia, mkuu wenu, alinipigia simu akaniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi ya kuzipa namba ripoti za vinyama vya mapafu. "Mzee Fortunati," akasema, "vijana wanababaika na hizo ripoti, na wewe umezishika miaka mingi kuliko mtu yeyote hapa." Nikasema sawa, nitaandika. Nilipokata simu nilikaa uani kwangu hapa Malangali, jasho linanitoka, na baridi ya Juni mnaijua ilivyo huku kwetu. Mambo ya kuwafundisha ninayo. Tatizo ni kwamba lililo kubwa kuliko yote nililijua kwa njia ya aibu, na dada Leokadia anaijua aibu hiyo kuliko mtu yeyote.

Acha nianze na mepesi kwanza, nivute pumzi.

Kazi yetu haina jina zuri kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba ninafanya kodi za magonjwa. Jirani yangu mmoja aliposikia "kodi" alinikwepa mwezi mzima, tukikutana njiani anakata kona kwenye mahindi ya watu. Siku niliyomkamata nikamweleza kwamba kila ugonjwa duniani umepewa herufi na tarakimu, na sisi kazi yetu ni kusoma alichoandika daktari na kukitafutia herufi na tarakimu zake kwenye kitabu kikubwa, ili hata mtu wa mbali asiyejua Kiswahili aelewe mgonjwa alikuwa na nini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na kwa hiyo mnalipwa?"

Sasa hizo ripoti za vinyama. Daktari anachukua kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye pafu au kwenye utando wake, kinatiwa ndani ya kichupa cha dawa, kinapelekwa Mbeya, mtaalamu anakiangalia kwa hadubini, na baada ya wiki kadhaa karatasi inarudi. Karatasi ikisema saratani, hakuna shida, saratani ina herufi yake. Ikisema kifua kikuu, nacho kina herufi yake. Shida inakuja karatasi isiposema. Inasema tu kwamba nyama hii si ya kawaida, seli zimekaa vibaya, saratani haijathibitishwa wala haijakataliwa, kinyama kirudiwe. Hapo ndipo vijana wanababaika, na mimi nilibabaika vilevile.

Mwaka wangu wa kwanza niliipokea karatasi ya namna hiyo, ya mama mmoja, nikaona neno saratani limo humo ndani, nikampa namba ya saratani. Nilijiona mtaalamu. Bosi wangu wakati huo alikuwa Bwana Ambakisye, mtu wa Mbeya, mfupi, mpole, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Aliliangalia faili, akavua miwani, akaniuliza, "Fortunati, wewe ni daktari?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini umempa huyu mama ugonjwa ambao daktari hajampa?" Akanifutisha palepale mbele yake. Kisha akanionyesha ukurasa wenye herufi ya R, themanini na nne, nukta saba. Hiyo ndiyo namba ya nyama ya kifua iliyoonekana si ya kawaida, na haiongezi neno. Haisemi mtu ana saratani, haisemi hana. Inasema hatujajua, mtafuteni. Akanieleza kwamba ile namba ni ya mtu anayesubiri, na ukiikosea umemtoa kwenye foleni bila yeye kujua.

Mpakumbuke hapo kwenye foleni. Tutarudi.

Bwana Ambakisye alikuwa na utaratibu wake mwingine ambao mimi niliudharau. Siku zile herufi tulizitaja kama tulivyofundishwa darasa la kwanza: ke, le, me, ne, na kuendelea mpaka re, se, te. Yeye hakukubali mtu ataje herufi peke yake. Ukisema "le" lazima useme "le ya ngozi", kwa sababu magonjwa ya ngozi yako kwenye L. Ukisema "re" lazima useme "re ya matokeo", kwa sababu dalili na matokeo ya vipimo yako kwenye R. Na mwenzako aliyeandika lazima akurudishie: "Nimeandika re ya matokeo." Alifanya hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ulimi wake ulikuwa unachanganya. Alisema "lipoti" na "lufaa" mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mganga mfawidhi, na hakuona haya. Alijua ulimi wake unateleza, akauwekea gogo usianguke.

Mimi nilijiona sina haja ya gogo. Nimezaliwa Ufipa, wazee wangu mpaka wanakufa waliliita ziwa letu Lukwa, lakini nilipata mwalimu mkali wa Kiswahili aliyetusimamisha mstari asubuhi tuseme "barabara ya Rukwa" mpaka kila mtoto aipatie, na asiyeipata anabaki amesimama. Mimi niliipata siku ya pili. Tangu hapo nikavimba kichwa. Nikawa mtu wa kusahihisha watu. Padri akiteleza kwenye mahubiri, mimi huku kwenye benchi namkanyaga mke wangu mguu. Bwana Ambakisye alipostaafu nikaachiwa masjala, na jambo la kwanza nililofanya ni kuuondoa ule utaratibu wake. Nikasema unatuchelewesha, tumekuwa kama watoto wa chekechea.

Ndipo akaja Leokadia.

Mnamwona alivyo leo, ofisi ni yake na miwani yake ya kamba shingoni. Wakati ule alikuwa binti aliyetoka chuoni, nyumbani kwao wanaongea Kifipa asubuhi mpaka jioni, na ulimi wake ulikuwa kama wa Bwana Ambakisye. Alikuwa mwepesi wa kusoma ripoti, mwepesi kunishinda. Lakini alisema "lipoti". Na mimi sikumwacha apite. Akisema, "Mzee, lipoti imefika," namjibu, "Lipoti hatujaipokea, ila kama kuna ripoti niletee." Siku nyingine namuuliza mbele za watu, "Leokadia, mchana umekula wali au wari?" Ofisi nzima wanacheka. Naye alikuwa anacheka. Nawaambia hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea kwa kicheko chake, nikasema si alikuwa anacheka mwenyewe?

Baada ya miezi michache aliacha kusoma kwa sauti. Kompyuta zilikuwa zimefika, na vidole vyangu ni vya mtu aliyekulia kwenye ntumba, yale matuta yetu ya duara tunayofukia majani. Vilikuwa vinakanyaga vitufe viwili kwa mpigo. Kwa hiyo tukagawana: mimi nasoma karatasi, natafuta kitabuni, naandika namba kwa mkono kwenye faili, halafu naitaja kwa sauti, yeye anaiingiza kwenye kompyuta. Nikawa najisifu kwamba nimemponya ulimi. Hakupona. Alinyamaza.

Mzee Kasiano alikuwa mkulima wa kijiji cha Kate, ulezi na mahindi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu. Alikuja na kikohozi kisichoisha na maji kwenye kifua. Daktari alimchukua kinyama cha utando wa pafu, kikaenda Mbeya, yeye akaambiwa arudi nyumbani, majibu yakihitaji jambo atapigiwa simu. Karatasi iliporudi ilikuwa ya namna ileile: si ya kawaida, haijulikani, kirudiwe haraka.

Siku hiyo mdogo wangu alikuja dirishani pale masjala kutoka kijijini. Kulikuwa na posa ya binti yetu na watu wa upande wa pili walikuwa wanatuzungusha, nami nilikuwa nimekasirika kweli. Tukaongea Kifipa, kwa sababu hasira ya nyumbani mimi siiwezi kwa Kiswahili. Huku nageuka kwa mdogo wangu, huku nageuka kwenye mafaili. Nikalishika faili la Mzee Kasiano, nikaandika kwa mkono wangu R themanini na nne, nukta saba, mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikasema kwa sauti, "Le themanini na nne." Leokadia akaandika. Tukaenda kwenye faili linalofuata.

Mfumo wetu wa wakati ule ulikuwa unachukua herufi na tarakimu mbili basi, wala haukuonyesha maana. L themanini na nne ipo kitabuni. Kaitafuteni. Ni sugu za miguu.

Kila Ijumaa kompyuta ilikuwa inatoa orodha ya watu wote wa R themanini na nne, inapelekwa kliniki ya kifua kwa Sista Bupe, naye anawapigia simu mmoja mmoja warudi. Mzee Kasiano hakuwamo. Ijumaa ya kwanza hakuwamo, na zote zilizofuata hakuwamo. Faili lenyewe, lenye mwandiko wangu mzuri, lilikuwa limelala kabatini, na hakuna mtu anayefungua faili la mtu ambaye hajaja.

Alirudi baada ya mavuno, binti yake amemshika mkono. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. Sista Bupe alimtafuta kwenye kompyuta, akasoma, akatabasamu, akamuuliza, "Baba, mbona hapa inaonekana ulikuja na sugu za miguu?" Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nimeleta mafaili. Mzee Kasiano akafikiri kidogo. Kisha akainama taratibu, akavua kiatu, akatuonyesha mguu. "Sugu ninazo, mwanangu," akasema. "Nani analima huku hana sugu? Ila sikuja kwa ajili yake." Sista Bupe akacheka. Mimi nilicheka pia, nusu ya kicheko, halafu kikanikwama, kwa sababu nililikumbuka faili na nilijua limeandikwa nini.

Binti yake akasema walikuwa wanasubiri simu. Mzee akamkatiza. "Mimi niliwaambia nyumbani nimepona. Nilisema wangeona kitu wangenipigia, wale watu ni wasomi." Akavaa kiatu chake.

Kinyama kilirudiwa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeenda mbali. Alipelekwa Mbeya, akarudishwa, akafa kabla ya mvua za kwanza. Daktari alituambia kwamba hakuna anayeweza kujua kama ile miezi ingebadilisha kitu. Mimi nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Nililala nalo na kuamka nalo. Lakini wa kuulizwa kama anaitaka ile miezi sikuwa mimi, alikuwa Mzee Kasiano, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa nakuja kwenye kikao, na nawaomba mnisome polepole, maana nikiandika haraka najua nitajikosha.

Mganga mfawidhi alituita. Mezani kulikuwa na faili, limeandikwa R kwa mkono wangu, na pembeni karatasi ya kompyuta, imeandikwa L na jina la aliyeingiza: Leokadia. Kila mtu aliziangalia karatasi zile mbili na kesi ikaisha hapohapo. Mmoja akasema chini chini, "Ah, Leokadia na le zake." Mganga mfawidhi akamuuliza nini kilitokea. Leokadia akasema, "Niliandika nilichosikia."

"Basi ulisikia vibaya," akaambiwa.

Leokadia akanigeukia. Aliniangalia akisubiri. Na mimi nilikumbuka. Sitaki mseme labda mzee alisahau. Nililisikia lile neno linatoka kinywani mwangu upya, nikamwona mdogo wangu dirishani, nikakumbuka posa na hasira yangu. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: mimi nilisema le. Lakini pale mezani walikuwa watu wote niliowahi kuwasahihisha, na nikajiona ninavyochekwa kuanzia pale mpaka sokoni. Nikasema, "Huyu binti nimemwambia mara nyingi kuhusu hizi herufi."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kunyamaza kungekuwa nafuu.

Leokadia aliandikiwa barua ya onyo na akahamishiwa Mtowisa, kule bondeni kwenye joto na mpunga, ambako masjala ilikuwa meza moja chini ya ngazi. Alikuja kuniaga. "Shikamoo mzee," akasema. Nikaitikia marahaba, nikamtakia safari njema, nikampa na nasaha za kazi. Mimi. Nasaha.

Mimi niliendelea mpaka nikastaafu kwa heshima, keki ikakatwa, nikaitwa mtu makini. Kuna mmoja alinisifu kwa Kiswahili changu. Nilikula kipande changu cha keki nikajiona mwizi.

Wiki iliyofuata niliteremka Mtowisa. Kwenye ule mteremko gari lilikuwa linatikisika, na mimi njia nzima napanga maneno. Nilimkuta mezani kwake, feni inazunguka kivivu, msaidizi wake mmoja anasoma makaratasi na yeye anaingiza. Kabla sijafika vizuri nikamsikia yule msaidizi, "Le ya ngozi, sitini." Na Leokadia, "Nimeandika le ya ngozi, sitini." Utaratibu wa Bwana Ambakisye. Hakuwahi hata kumwona Bwana Ambakisye. Aliusikia kwangu mimi, siku niliyokuwa nausimulia kwa kuucheka.

"Shikamoo baba," akasema, akanyanyuka, akanitafutia kiti na maji ya kunywa. Kutoka "mzee" nimekuwa "baba", na iliniuma zaidi. Nikamwambia nilichokuja kusema. Nikamwambia nilikuwa naongea Kifipa na mdogo wangu, ulimi ukateleza, nikasema le, na kwenye kikao nikaogopa. Nikamwambia naomba unisamehe.

Akamtuma msaidizi wake akalete rejesta nyingine, tukabaki wawili.

"Ulimi kuteleza si kitu, baba," akasema. "Wangu unateleza kila siku. Na kikao nimeshakisamehe. Lakini mbona hujasema kwamba nilikuuliza?"

Nikasema sikumbuki.

"Sawa," akasema. Akaniongezea maji, akaniuliza habari za mke wangu, na kesho yake nikapanda kurudi.

Niliporudi nilimwandikia mganga mfawidhi barua, nikaeleza nani alitamka le na nani alisingiziwa. Ile barua ya onyo ikaondolewa kwenye faili lake, na baadaye akarudishwa huku juu, na leo ni mkuu wenu. Nilikwenda Kate pia. Binti yake Mzee Kasiano alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, na haki alikuwa nayo.

Sasa vijana, hapo juu kuna mahali nimeparuka. Nimeandika "nikasema le themanini na nne", halafu nikaandika "Leokadia akaandika". Kati ya maneno hayo kuna kitu, na kabla ya leo nimekiruka mara tatu, kwenye kikao, kwenye barua kwa mganga mfawidhi, na Mtowisa nilipomwambia sikumbuki. Nakumbuka. Vidole vyake vilisimama juu ya vitufe. Aliliona faili langu, lilikuwa wazi mbele yake, R ya wino wa bluu. Akaliangalia, akaniangalia mimi, na kwa sauti ndogo ya mtu aliyekwisha kuchekwa vya kutosha, akaniuliza, "Mzee, ni le au re?"

Nami nikamgeukia mdogo wangu pale dirishani, ili naye acheke, nikasema, "Huyu naye leo anataka kunifundisha mimi kutamka. Andika ninachosema."

Akaandika.

Dada Leokadia atawasomea haya kwa sauti, nimemwomba asome yeye mwenyewe, na mimi nitakuwa nimekaa mbele. Akiteleza mahali popote asicheke mtu. Na nyie mtakaokaa kwenye kiti changu, siku moja mwenzenu atasimamisha vidole na kuwauliza, le au re. Mjibuni.